Tundu la Moshi la Msumeno wa Kihwele

Hapo zamani, na mwaka msiniulize kwa sababu niliuacha shuleni pamoja na daftari, miti ya misindano huko Lugema ilisongamana hata jua likiingia msituni leo asubuhi, lilitokea upande wa pili kesho mchana likiwa hoi. Ndani ya msitu huo palikuwa na kambi ya mbao. Ndani ya kambi palikuwa na misumeno ya injini ishirini na miwili, ile tuliyoiita chensoo. Na langoni pa kambi palikuwa na banda.

Banda lenyewe sikieni. Matofali ya kuchoma. Bati jipya. Sakafu ya saruji, hata nati ikidondoka unasikia imekwenda upande gani. Dirisha lenye kioo kizima, si kioo nusu na gunia nusu. Aliyekaa humo ndiye fundi wa kambi. Misumeno yote ililetwa kwake, na mafundi wengine walipita mlangoni pake kila asubuhi kumwamkia, "Kamwene, fundi mkuu," wapende wasipende.

Miaka yote aliyekaa humo alikuwa Mzee Ng'umbi. Mgongo ulipomshinda akarudi kwao, ufunguo akamwachia mwenye kambi, Mama Lukelo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Nyuma yake akaacha mafundi wawili aliowafundisha yeye mwenyewe, Kihwele na Nyagawa.

Kihwele alifanya kazi chini ya nailoni upande huu wa barabara. Nyagawa alifanya kazi chini ya nailoni upande ule. Na mvua ya Lugema hainyeshi ikaondoka, inanyesha ikakaa. Miaka kumi na mmoja Kihwele alifungua injini huku mkono mmoja umeshika bisibisi na mkono mwingine unazuia maji. Mara mbili upepo ulimchukulia nailoni, akaifuata hadi mtoni. Alilitaka banda lile kama mgonjwa anavyotaka usingizi.

Nyagawa alilitaka pia, lakini zaidi ya kulitaka, hakutaka Kihwele alipate. Kihwele akipata mteja, Nyagawa anakohoa. Kihwele akicheka, Nyagawa anauliza, "Ananicheka mimi?" Na siku Mzee Ng'umbi alipoaga, alimshika Kihwele kwa mikono miwili, lakini Nyagawa akashikwa kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa umeshika begi, sote tuliona. Nyagawa hakuliona begi. Aliona mkono mmoja.

Mimi nilikuwa mkataji pale. Wakataji wengine hukata gogo. Mimi nilikuwa nikilisogelea tu, gogo linaanza kugawanyika lenyewe kwa adabu. Lakini leo sijisifu, leo nasimulia.

Basi Mama Lukelo akatuita wote uwanjani. Akaleta misumeno miwili mizee, mapacha, aina moja, umri mmoja, hata rangi imebanduka mahali pamoja. Akasema:

"Kihwele, huu wako. Nyagawa, huu wako. Siku saba. Fanyeni mjuavyo ndani ya injini, ila msinunue kipuri kipya. Minyororo ya kukatia nitakaa nayo mimi, imenolewa sawasawa, mtaipata siku yenyewe. Chengula atakata kwa yote miwili." Chengula ni mimi. "Msumeno utakaotoa visahani vitatu vya mbao upesi zaidi kwenye gogo moja, aliyeutengeneza ndiye nitakayempa ufunguo. Mmoja tu. Sitaki mafundi wakuu wawili, kambi si kanisa la kugawanyika."

"Na ukishinda?" akauliza Nyagawa.

"Ukishinda unavuliwa nguo, kama kawaida."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Lugema. Msumeno ukishinda mwingine, yote miwili inafunguliwa palepale juu ya turubai, wazi, silinda kwa silinda, ili kila mtu aone mshindi amefanya nini na aliyeshindwa ajifunze. Kwetu hakuna ushindi uliovaa nguo.

Sasa nawaeleza injini kidogo, msilale. Kuna silinda, ndiyo chumba. Ndani yake pistoni inapanda na kushuka. Pembeni mwa chumba kuna tundu ambalo moshi hutokea kwenda kwenye ekzosi. Na kuna kabureta, yenye skrubu ndogo inayopimia petroli. Basi. Mkijua hayo mnajua kuliko mwalimu wangu wa sayansi.

Mzee Ng'umbi aliwafundisha wanafunzi wake mambo mia, lakini moja aliwaapisha. "Tundu la moshi," aliwaambia, "mliache kama lilivyozaliwa. Ukilipanua, injini inavujisha pumzi kama puto. Huo si msumeno tena, ni kikohozi." Mzee mwenyewe hakuwahi kulijaribu. Aliambiwa na mwalimu wake, naye akawaambia. Hakuna aliyewahi kulijaribu. Wote waliamini.

Kihwele akauchukua msumeno wake, akaufungua. Alifanya jambo moja tu, lakini alilifanya kwa siku tatu. Chini ya silinda hukaa gasketi, kikaratasi cha kuziba, unene wa kucha. Kihwele aliiondoa. Akasugua kitako cha silinda juu ya kioo na msasa laini hadi kikalala sawa, akapaka gundi nyembamba. Silinda ikashuka, chumba kikawa kidogo, pumzi ikabanwa zaidi. Ukivuta kamba, msumeno unakuvuta na wewe.

Akaupenda. Jamani, aliupenda! Akaupa jina, akauita Dada. Asubuhi akitoka kitandani anaukimbilia. "Dada, umeamkaje?" Anaufuta. Anaupulizia. Anauinamia kama anausikiliza.

Na hapa ndipo anapoingia mkewe, Sekalinga.

Sekalinga aliishi na mlio wa injini kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa akimletea mume chakula, anakaa chini ya nailoni anamenya viazi, anasikiliza. Bila kufundishwa na mtu, sikio lake lilijua injini yenye kiu na injini iliyovimbiwa. Hakuna aliyemuuliza. Nani amuulize mmenya viazi? Sasa anaona mumewe anauliza hali ya chuma, yeye hata "kamwene" hajapewa tangu Jumatano.

"Baba Tulinave," akamwambia, "hiyo khanga uliyofunikia hilo dubwana ni yangu. Ni mpya."

"Silinda haitaki vumbi, mama."

"Na mimi ninalitaka vumbi?"

"Wewe una nyingine."

"Na wewe unaye mwingine, ndivyo ulivyotaka kusema."

"Sekalinga, huu ni msumeno!"

"Hata mimi nimeona ni msumeno. Ndiyo aibu yenyewe. Angekuwa mwanamke ningemshika nywele."

Kihwele akacheka, akarudi kusugua. Hakujua kwamba mkewe hacheki. Kichwani mwa Sekalinga lile banda la langoni halikuwa banda, ilikuwa nyumba ya mke mwenzake, yenye bati jipya. Akilipata, alisema moyoni, atahamia humo na hawa Dada zake wote ishirini na wawili, na mimi nitabaki na viazi.

Jumapili ikafika. Kihwele alikuwa ameufungua tena msumeno, ameosha silinda kwa petroli, ameifunga kwenye khanga, ameiacha mezani ikauke. Akaenda kanisani na mkewe.

Ng'ambo ya barabara Nyagawa hakwenda kanisani. Siku nne hizo alikuwa ametengeneza msumeno wake vizuri, sitamsingizia, alikuwa fundi. Lakini jicho moja lilikuwa kwenye kazi na jicho moja ng'ambo. Alimwona Kihwele akivuta kamba na msumeno ukimvuta. Alisikia "Dada, umeamkaje." Kifua kikamjaa. Akavuka barabara, akainua nailoni, akaifungua ile khanga.

Mtaniuliza nilijuaje. Aliyasema mwenyewe mbele ya watu, subirini.

Alikuwa na tupa nyembamba ya mviringo. Akaitazama silinda ya mwenzake. Angeweza kuipasua kwa nyundo, lakini hilo lingejulikana. Akakumbuka kiapo cha Mzee Ng'umbi. Puto. Kikohozi. Akaingiza tupa kwenye tundu la moshi, akaanza. Upana wa njiti ya kibiriti kushoto. Upana wa njiti ya kibiriti kulia. Juu kidogo.

Na hapa ndipo ninaposhangaa hadi leo. Mtu yule alikwenda kuharibu. Lakini mkono wake ulifundishwa miaka minane kutoharibu, na mkono haukusikia habari za wivu. Ulipanua tundu kwa ulinganifu, kushoto sawa na kulia, kama yai. Ulipomaliza ukaona kingo zimekuwa kali, ukazilainisha moja moja ili ringi ya pistoni isikwaruzwe. Ukapulizia unga wa chuma, ukafuta. Mwishowe akachukua masizi ya ekzosi, akapaka pale palipong'aa. Akafunga khanga fundo lilelile. Akaenda zake kunywa ulanzi, na ulanzi siku hiyo ulikuwa mtamu.

Jumatatu Kihwele akaunganisha. Hakuona? Hakuona. Macho yake yalikuwa chini ya silinda, kwenye gundi yake. Nani anayerudi nyumbani akapima upana wa mlango wake? Akavuta kamba, msumeno ukawaka, mlio mkali, mwembamba. "Dada amechangamka," akasema. Mnyororo hakuwa nao, gogo hakuligusa, angejuaje zaidi?

Lakini Sekalinga aliinua kisu kwenye kiazi. Alisikia. Una kiu huu, akasema moyoni. Hakusema kwa mdomo. Hakuna aliyemuuliza.

Siku ya saba watu walijaa uwanjani hadi wengine wakakaa juu ya magogo ya mashindano, tukawafukuza. Misumeno ikawekwa juu ya kisiki, minyororo ikafungwa, petroli ikatiwa. Mama Lukelo akatuita kwanza tunywe chai jikoni kwake, kwa sababu mtu mwenye njaa, alisema, hukata mguu wake.

Wanaume wote tukaenda. Sekalinga akabaki, eti analinda bakuli lake.

Naye akachukua bisibisi ya mumewe. Alijua skrubu ile. Alishaona mara mia mumewe akiifungua kidogo ikazidi, injini ikavimbiwa, ikatoa moshi, ikabwatuka na kuzimika. "Haya, Dada," akasema, "unywe hadi ukome." Akafungua nusu mzunguko. Akarudisha bisibisi mfukoni mwa koti lililotundikwa, akakaa juu ya ndoo na bakuli lake mapajani, mpole kabisa.

Tukarudi. Nikashika kwanza msumeno wa Nyagawa. Watu wakahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Ulikata vizuri, msumeno mwaminifu, kama ng'ombe wa kulimia. Kisahani cha tatu kilipoanguka walikuwa wamefika arobaini na moja. Nyagawa akamtazama Kihwele, akatabasamu. Alikuwa anasubiri kikohozi.

Nikashika msumeno wa Kihwele. Nikavuta kamba. Ukatoa moshi mmoja mzito, Sekalinga akatabasamu juu ya ndoo yake. Nikauzamisha kwenye gogo.

Ndugu zangu, nimeshika misumeno tangu sina ndevu. Sijawahi kushika kitu kama kile. Sikusukuma mimi, nilishikilia nisiachwe. Unga wa mbao ulitoka kama maji ya bomba lililopasuka, ukamfunika mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu, tukamtambua kwa kikohozi. Kisahani cha kwanza kilianguka watu hawajafika kumi. Cha pili. Cha tatu. "Ishirini na sita!" wakapiga kelele, na wengine walikuwa wamesahau kuhesabu.

Nikageuka. Watu wawili tu hawakushangilia. Nyagawa tabasamu lilikuwa limemganda mdomoni kama kitu cha kuazima. Na Sekalinga alikuwa amesimama, bakuli limeanguka.

"Uvuliwe!" akasema Mama Lukelo. "Yote miwili."

Turubai likatandikwa. Kihwele akafungua huu, Nyagawa akafungua ule. Silinda mbili zikawekwa kando kwa kando. Watu wakainama.

"Ala! Tazama tundu la moshi!"

"La huyu dogo, la huyu kama yai!"

"Na kingo zake! Gusa. Kama shavu la mtoto."

Kihwele akainama. Akaona. Miaka minane ya kufundishwa alikaa benchi moja na Nyagawa, aliujua mkono ule kama unavyojua mwandiko. Akainua macho, akamtazama mwenzake ng'ambo ya turubai. Akafungua mdomo.

Lakini Mama Lukelo alikuwa amemshika bega. "Kihwele! Umelivunja neno la Mzee Ng'umbi, umefanya alichoogopa yeye. Hii ni kazi ya mikono yako?"

Na Kihwele akalitazama banda. Akaitazama mvua iliyokuwa inajikusanya juu ya misindano. Akasema, polepole, "Ni kazi ya siku nyingi, mama."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Watu wakampigia makofi.

"Fundi hasa!" "Nyagawa, njoo ushike, ujifunze!" "Wewe hata kwa miaka ishirini huwezi kulainisha hivi!"

Sasa fikirini. Nyagawa angenyamaza, nani angejua? Angerudi kwenye nailoni yake, siri ingekufa naye. Lakini kusikia kazi nzuri kuliko zote za maisha yake inasifiwa kwa jina la Kihwele, hilo lilimshinda. Alivumilia neno la kwanza. Alivumilia la pili. Alipoambiwa ajifunze, akapasuka.

"Tundu hilo nimelichonga mimi!"

Mama Lukelo akaliachia bega la Kihwele.

"Wewe?" akasema Mama Lukelo. "Kwenye msumeno wa mwenzako?"

"Mimi! Jumapili! Niliingia kwake akiwa kanisani. Nilitaka uharibike, nisamehewe nisisamehewe, nilitaka ukohoe! Lakini mkono ni wangu! Tazameni kushoto na kulia, kuna anayechonga hivyo Lugema nzima? Yeye hata kuligusa alikuwa anaogopa! Mwulizeni!"

Watu wakamgeukia Kihwele. Kihwele akatazama chini.

Hapo mkataji mzoefu, simtaji jina, akauliza swali la maana. "Tundu limepanuliwa, hewa inapita kwa wingi. Petroli ikibaki ileile, injini inakauka, pistoni inanata, inanoki, yaani injini inakufa. Huu haukunoki. Kihwele, skrubu uliifungua kiasi gani?"

"Mzunguko mmoja," akasema Kihwele. "Kama siku zote."

Nikapima. Ulikuwa mzunguko mmoja na nusu.

"Nusu hiyo ni yangu pia!" akadakia Nyagawa.

"Mwongo!"

Sauti ilitoka nyuma. Sekalinga akapita katikati ya watu, unga wa mbao kwenye kilemba. Angenyamaza naye, nani angemshuku? Lakini wanaume wawili wanagombania sifa, na nusu mzunguko wake unataka kuchukuliwa kama ilivyochukuliwa khanga yake.

"Nusu hiyo nimeifungua mimi, ninyi mnakunywa chai. Nilitaka Dada wenu abwatuke, azimike, mume wangu arudi nyumbani. Ndiyo, nilitaka ashindwe! Lakini Jumatatu nilisikia una kiu, na kati yenu wote hakuna aliyesikia."

"Mama Tulinave!" Kihwele akasema, kama mtu aliyepigwa teke na mbuzi wake. "Wewe?"

"Leo umenikumbuka jina!"

Mama Lukelo akainua mkono. "Maneno siyataki. Msumeno na useme."

Tukaujenga upya, nikakaza ile skrubu nusu mzunguko, kama nusu ya Sekalinga haikuwahi kuwepo. Nikaingia kwenye gogo. Ukalia mlio mwembamba wa kukatika roho, ukachemka, nikauzima kabla haujanata. Watu wakasema, "Sekalinga ana haki."

Tukarudisha nusu ya Sekalinga, tukaweka silinda ya msumeno wa Nyagawa, yenye tundu dogo, bila gasketi, kama tupa ya Jumapili haikuwahi kuwepo. Nikaingia kwenye gogo. Ukavimbiwa, ukatoa moshi, ukabwatuka, ukazimika katikati ya gogo. Watu wakasema, "Nyagawa ana haki."

Tukarudisha silinda ya yai, tukaweka gasketi chini yake, kama kazi ya Kihwele haikuwahi kuwepo. Nikaingia kwenye gogo. Ulikata, ndiyo, lakini kwa uvivu, pumzi inapotelea hewani, watu wakahesabu hadi arobaini na sita. Wakasema, "Kihwele ana haki."

Mama Lukelo akatoa ufunguo. "Semeni. Mmoja mmoja."

Kihwele akasema: "Mama, msumeno nilipewa mimi. Kati ya sisi watatu, ni mimi peke yangu niliyetaka ushinde. Nilitoa siku saba na usingizi wangu. Hawa walikuja kuniua, bahati ikageuza mkono wao. Mtu akikurushia jiwe likaangusha embe, embe ni lake?"

"Ulisema kazi ni yako," Nyagawa akamkata. "Uliona mkono wangu ukaumeza. Mimi mwizi wa Jumapili, wewe mwizi wa leo mchana. Mama, mimi ndiye niliyefanya kile ambacho hata Mzee Ng'umbi alikiogopa. Kuanzia leo kila msumeno wa Lugema utapanuliwa tundu, na hakuna mkono mwingine wa kulipanua. Unamwekea banda nani, mwenye moyo mzuri au mwenye kazi nzuri? Misumeno haiangalii moyo."

"Mnasema mkono, mkono," akasema Sekalinga. "Mkono wako, Nyagawa, ungeua injini ile ndani ya kisahani kimoja. Na wako, mume wangu, uliishika injini yenye kiu ukaisifu imechangamka. Mimi sijui tupa, lakini tupa hufundishwa. Nani kati yenu atafundishwa sikio? Miaka kumi na mmoja nimekaa chini ya nailoni ile pamoja nawe, mvua hiyohiyo, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeulizwa."

"Ulitaka nishindwe," Kihwele akamwambia.

"Nilitaka urudi."

Mama Lukelo akaugeuza ufunguo kiganjani. Kisha akasema, "Nikiwapa wote watatu? Mmoja achonge, mmoja abane, mmoja asikilize. Nivunje neno langu."

"Na nani mkuu?" akauliza Nyagawa.

"Hakuna mkuu."

"Basi mimi nikae chumba kimoja naye, watu wapite waseme 'kazi ya Kihwele'? Heri banda likaliwe na popo."

"Mtu aliyefungua khanga mezani kwangu nikiwa nasali," akasema Kihwele, "nimgeuzie mgongo kila siku? Heri nailoni."

"Na mimi," akasema Sekalinga, "sitaingia nyumba ambayo yule Dada ametangulia. Labda nishike ufunguo mimi, ndipo niamue nani anaingia na nani analala nje."

Mvua ikaanza. Hakuna aliyeondoka. Mama Lukelo akanigeukia, ufunguo umelala kiganjani, matone yanaugonga.

"Chengula. Wewe ndiye uliyeushika. Mikono yako inajua. Huu wa nani?"

Mimi, mtu ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nilimtazama Kihwele. Alitaka mema, akayafanya kidogo, kisha akameza sifa isiyo yake. Nikamtazama Nyagawa, aliyekwenda kuharibu akatengeneza kuliko watengenezaji wote. Nikamtazama Sekalinga, aliyesikia peke yake na kutumia alichosikia kumkomoa mumewe. Watatu hao walinitazama, na kila mmoja nilimwona yuko tayari kulala na mvua maisha yake yote, mradi wawili wengine wasikauke.

Siku hiyo nilijibu nini, au sikujibu, msiniulize, maana nawaona mnavyotaka kujificha nyuma yangu. Nawauliza ninyi, mlioketi pakavu na wala hamkuinuliwa tupa wala bisibisi na mtu: ungekuwa wewe umesimama pale turubaini, na Mama Lukelo amekunyooshea ufunguo, ungeuweka kwenye kiganja cha nani, na wale wawili ungewatazama usoni ukawaambia nini?